Figo Aliyobakishiwa Kipusa

Karakana ya Rangi,
Mlango wa Nyuma,
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa nane.

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa, ambaye mikono yake bado ni myekundu hadi viwikoni kama ulivyoiacha. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo, na watoto je? Na huo mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama kuunga vyuma, au umempata bosi mwenye huruma akakupa kazi ya kusimama? Sisi huku hatujambo. Figo yangu moja inafanya kazi ya mbili bila kulalamika, tofauti kabisa na mwenye nayo. Nilipimwa juzijuzi na wameniambia iko shwari.

Barua yako ilinifikia. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, nikidhani labda nimeruka mahali. Kurasa mbili nzima umemwuliza Kipusa. Analalaje, anakulaje, maumivu yamepungua, nani anampikia, kwa nini amerudishwa hospitali. Mimi nikaambulia mstari mmoja, kwamba unatumaini na mimi ni mzima. Basi na mimi ni mzima, ahsante. Kwa kuwa umetaka habari za Kipusa, leo nitakupa habari za Kipusa mpaka useme basi, ila utazipata kwa mdomo wangu na kwa namna yangu.

Kwanza nikuambie ukweli, maana uko mbali na huwezi kunisuta usoni. Nina kijiba cha roho na dada yako. Nimejaribu kukipa majina mengine, nikasema ni uchovu, nikasema ni umri, nikasema ni presha, lakini nilipoenda kupimwa presha ikawa kama ya msichana. Ni wivu tu, Kitinda, na umenikaa kooni mwaka huu wote.

Wewe ulikuwa umeshasafiri nilipougua mimi, kwa hiyo mengi uliyasikia juujuu. Unakumbuka marehemu mama alivyotugawia mapipa ya kutilia nyuzi rangi. Mimi alinipa pipa la nyekundu. Kipusa alipewa la bluu, kwa sababu, nanukuu, bluu inampendeza mtoto. Kana kwamba tulikuwa tunaingia ndani ya mapipa kuogelea. Tangu siku ile mimi ni mtu wa nyekundu na yeye ni mtu wa bluu, na hakuna aliyeniuliza kama nyekundu inanipendeza.

Sasa mtu wa nyekundu ni mwekundu kila mahali. Ukipenga kamasi ni jekundu, ukijifuta jasho kitambaa ni chekundu, sabuni yako nyekundu, taulo lako jekundu. Wale bibi waliotufundisha kazi walikuwa na mzaha wao kwamba mwanamke wa pipa la nyekundu akifanya kazi sawasawa hata chooni huacha rangi. Tulikuwa tukicheka sana. Kwa hiyo siku niliyoona mkojo wangu una wekundu, nikacheka mwenyewe mle chooni, nikajipongeza kwamba nimechapa kazi. Nikaendelea kujipongeza kwa miezi kadhaa.

Kumbe haikuwa rangi. Mpaka ubavu unaanza kuniuma na nakubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imejaa ndani ya figo, pale inapokusanyia mkojo, na ilikuwa imeshaingia kwenye nyama yenyewe. Wakatoa figo na mrija wake wote hadi unapoingia kwenye kibofu. Nilikaa wodini mpaka wale wauguzi wakaanza kunitania kwamba nitafute kazi ya ufagizi humohumo. Nilirudi nyumbani nimebebwa kama godoro, na mshono unaoanzia mbavuni ukazunguka hadi karibu na kitovu.

Hayo yangu. Sasa njoo kwa Kipusa.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa nakoroga nyuzi, nikamwona anakuja mbio kutoka uani, mikono inadondosha bluu, midomo imekauka. Ameona nyekundu chooni. Na mtu wa bluu akiona nyekundu chooni hana pa kuisingizia. Sikumwuliza la pili. Nilimshika mkono tukaenda vilevile tulivyo, na aproni zetu, na yule dada wa mapokezi akatugombeza kwa sababu tuliacha alama za vidole kwenye kaunta yake, zangu nyekundu na za mwenzangu bluu. Nataka ulikumbuke hilo, kwamba ni mimi niliyempeleka.

Daktari aliyetupokea ni mama mmoja mfupi, anavaa raba, anaongea polepole kama anayemsomea mtoto. Walimpiga picha, wakamwingiza kamera, wakanyofoa kinyama kidogo wakakipeleka maabara. Majibu yalipotoka alituita wote, mimi, Kipusa na mumewe, shemeji fundi saa. Akasema ni saratani, ya aina ileile ya kwangu. Shemeji akavua miwani akaanza kuifuta, na hakuacha kuifuta mpaka tunatoka.

Lakini, akasema daktari. Mimi nikajua tu kwamba kwa Kipusa lazima kutakuwa na lakini.

Uvimbe wake ulikuwa mdogo, wa aina isiyo kali, na ulikuwa juu juu, haujazama. Kwa hiyo hakuna haja ya kutoa figo. Watampa dawa ya usingizi, watapitisha mrija mwembamba wenye kamera kwa njia ileile ya mkojo, wapande nao kibofu, wapande mrija wa figo mpaka juu kabisa, halafu wauchome uvimbe kwa leza. Mwanga, Kitinda. Hakuna kisu, hakuna uzi, hakuna chochote. Kipusa akauliza kama itabaki alama, na daktari akatabasamu akasema labda kwenye kumbukumbu.

Nilimwuliza daktari kama na mimi ningeweza kufanyiwa hivyo zamani zile. Akaniuliza ya kwangu ilikuwaje, nikamweleza. Akasema hapana, mama, ya kwako ilikuwa kubwa na ilishazama, leza isingeimaliza, waliokutoa figo walikuokoa. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Ningependa aniambie kwamba walikosea, nipate mtu wa kumkasirikia. Sasa nimkasirikie nani, pipa?

Siku ya kuchomwa nilikaa pale nje na shemeji. Kipusa aliingia akatoka, na kesho yake alirudi nyumbani. Alitembea kwa miguu yake. Alibeba mkoba wake mwenyewe. Nilimtazama akivuka ule mlango mkubwa wa vioo na mkoba begani, kama mtu anayetoka kusuka nywele, na niliyoyawaza pale nitakuambia mbele kidogo.

Wageni wakaanza kumiminika. Matunda, maua, juisi, mito ya kuegemea. Kila anayeingia anataka kuona mshono, na mshono haupo, basi wanashangaa, na wakishashangaa wanamsifu. Jasiri, shujaa, chuma. Chuma gani, mtu hana hata pa kubandika plasta. Mimi niliyepasuliwa ubavu niliambiwa pole, wakala matunda yangu, wakaondoka.

Tena walikuwa wamemwachia ndani kijimrija laini cha kushikilia njia isizibe, cha kutolewa baadaye. Akawa anakwenda chooni kila saa, anashika kiuno, anaugulia. Mimi nikasema moyoni, huyu anadeka. Nilipomlalamikia muuguzi aliyekuja kumwangalia, akaniambia kile kijimrija kinauma kweli, wengi hukilalamikia kuliko leza yenyewe. Ila moyoni sikumwomba radhi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu ndilo lililomrudisha hospitali. Daktari alimwambia wazi siku ile kwamba figo wamemwachia kwa sharti. Huu ugonjwa una tabia ya kuchipua tena palepale au jirani. Kwa hiyo atarudi kila baada ya miezi mitatu, waingize kamera, watazame, na wakikuta kitu kidogo wakichome kikiwa kidogo. Baadaye watapanua nafasi, lakini ataendelea kutazamwa kwa miaka. Asiporudi, kidogo hakitabaki kidogo, na hapo hawataiokoa figo, na huenda hawataokoa na mengine. Kipusa aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa mbele.

Siku ilipofika nikamkuta kwenye pipa lake anakoroga. Nikamwuliza, akasema wamesogeza mbele. Hawakusogeza. Wakampangia siku nyingine ya karibu, kichwa kinamwuma. Nyingine, kuna mzigo wa bluu unasubiriwa na mteja. Shemeji unamjua, mpole kama pamba, akasema tusimsumbue, mwenyewe atajisikia. Na watu wote waliokuwa wamemvisha ushujaa wakawa wanamwambia kweli, umeshapona, mshukuru Mungu, unatafuta nini tena huko.

Ndipo akanijia yule binti yake mwalimu. Alitoka shuleni moja kwa moja, chaki bado imo kwenye nywele, akasimama mbele ya pipa langu analia.

"Mama Mkubwa, mimi hanisikii. Baba anamchekea tu. Mtu pekee anayemwogopa ni wewe."

Nilimwambia nimesikia, aende akapumzike. Na wazo langu la kwanza, Kitinda, nakuandikia kama lilivyokuja, lilikuwa moja tu. Na aache. Aache aone. Nilikoroga nyuzi zangu na wazo hilo, nikazikamua nalo, nikaanza kuzianika nalo, na sitakuficha, lilikuwa tamu.

Katikati ya kuanika ndipo hasira ikageuka. Nikajiuliza, huyu mtu ana kile ambacho mimi ningetoa mikono yote miwili nikipate, wamemwachia mzimamzima ndani ya mwili wake, na anakiacha kioze kama mchicha kabatini. Kama angekuwa amenyimwa tungekuwa sawa. Lakini kupewa halafu kupuuza, hapana, hilo sikuweza kulimeza. Niliziacha nyuzi zinadondosha, nikaenda kwake na aproni yangu.

Nilimkuta kwenye ngazi ya mlango wa jikoni anamenya vitunguu.

"Unakwenda lini?" nikamwuliza.

"Kwenda wapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Dada, mimi nimepona. Siumwi popote, mkojo safi, nalala vizuri. Nikasumbuliwe ya nini?"

"Kama huitaki hiyo figo nipe mimi."

Akacheka, akidhani ni yale matani yetu. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi ya chini yake nikamwambia yote. Kwamba namwonea wivu, na si wa leo. Kwamba mama alimpa bluu na bluu ndiyo iliyomwokoa. Kwamba siku ile alipotoka kwenye mlango wa vioo amebeba mkoba wake mwenyewe, nilitamani ajikwae aanguke, si aumie, aanguke tu mbele za watu. Sasa umeyajua niliyoyawaza pale.

Aliacha kumenya. Akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye vitunguu:

"Siogopi kamera, Dada. Naogopa wataniambia nimekuwa kama wewe."

Nimetukanwa na wateja, Kitinda, nimetukanwa na mawifi, lakini hakuna tusi lililoniingia kama neno hilo. Kumbe haikimbii hospitali, ananikimbia mimi. Miaka yote hii mimi nimekaa namtazama yeye na kutamani, na yeye amekaa ananitazama mimi na kuomba yasimfike. Nilipokuwa naogeshwa wodini alikuwa akisimama nje ya mlango, anasema ameshika zamu ya kuzuia wageni. Wageni gani saa ile.

Sikumbembeleza. Nilifungua aproni, nikapandisha blauzi, nikageuka upande.

"Tazama."

"Dada, teremsha nguo, watu watapita."

"Wapite. Tazama. Shika."

Akashika. Alianzia mbavuni kwa kile kidole chake cha bluu, akafuata mshono taratibu mpaka mwisho wake. Nikamwambia, haya, kuwa kama mimi ndiko huku. Wakati wa baridi panavuta. Beseni lililojaa sibebi. Maji nakunywa mpaka nayachukia. Basi. Nakula, nafanya kazi, na leo nimetembea kwa miguu kuja kukugombeza. Si mwisho wa dunia, lakini mimi sikuwa na njia nyingine, nawe unayo. Ukija kufika huku kwa uvivu wako sitakusamehe, na sitakuletea hata chungwa.

Akalia. Mimi nikachukua kisu nikamalizia vitunguu, kwa sababu shemeji alikuwa karibu kurudi na chakula hakijitengi chenyewe.

Tukaenda wiki hiyohiyo. Walimwingiza, mlango ukafungwa, na mimi nikabaki kwenye benchi la ukumbini, lile la plastiki linalogandisha mapaja. Shemeji alikuwa amesimama dirishani. Na hapa, mdogo wangu, ndipo nilipojijua vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa namwombea. Nilikuwa naomba kwa moyo wote wasikute kitu, au wakute kitu kidogo. Na pembeni ya maombi hayo kulikuwa na sauti nyingine ndogo inayotamani daktari atoke aseme inabidi itolewe, ili niwe na mwenzangu. Nimekuwa peke yangu na mshono huu muda mrefu. Niliikemea ile sauti, haikwenda popote. Nikakaa nayo pale kwenye benchi kama mtu niliyekuja naye.

Daktari akatoka, barakoa imeshushwa kidevuni. Alisema wamekuta kimoja, karibu na pale pa zamani, kama punje ya mchele, na wamekichoma papo hapo. Kwingine kote ni safi. Akasema kama angekuja mwishoni mwa mwaka tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akasema figo imebaki.

Shemeji alilia bila aibu, huku anajifanya anatafuta leso. Nilifurahi, Kitinda. Nilifurahi mpaka nikamshika daktari mkono na rangi yangu yote. Na wivu ulikuwa palepale, haukusogea hata kidogo kuipisha furaha.

Kipusa alipoamka ulimi ulikuwa bado mzito kwa dawa. Aliniona mimi kwanza.

"Wamesemaje?"

"Umebaki nayo."

Akafumba macho, nikadhani amerudi usingizini. Kisha akaupapasa mkono wangu na kusema, "Pole, Dada."

Tangu nilipotolewa figo nimepewa pole na nusu ya mji, na zote nilizipokea kwa shingo upande. Hiyo moja niliipokea.

Hiyo ndiyo sababu ya kurudishwa hospitali, na hivyo ndivyo alivyo sasa. Kile kijimrija kimemrudia, anashika kiuno na kuugulia kama mwanzo, na mara hii mimi ndiye ninayempelekea maji. Amenipa sharti lake na yeye, kwamba atakwenda kila anapoitwa ilimradi niende naye. Karakana nzima sasa tunavaa glavu, kwa sababu daktari alituuliza sana kuhusu rangi za zamani na hakuipenda mikono yetu. Wewe umekulia katikati ya mapipa haya kabla hujaenda kuunga vyuma vyako. Siku ukiona rangi chooni usicheke, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie ile kanga ya kitandani aliyoomba nimeshaitia rangi, na ni nyekundu, asitarajie nyingine. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka kila mmoja. Shemeji fundi saa anakusalimu, binti mwalimu anakusalimu, na Kipusa atakuandikia mwenyewe akiacha kuugulia.

Mungu akulinde ugenini, akuepushe na cheche za moto na watu wenye roho mbaya, akurudishe kwetu ukiwa na mgongo ulionyooka. Na mimi niombee jambo moja. Daktari amesema tutarudi kwenye lile benchi mara nyingi, mwaka hadi mwaka, na najua kila mara nitakaa pale namwonea wivu yule mwanamke aliyeko ndani. Usiniombee wivu huo uniondoke. Siku utakayosikia nimeacha kumwonea wivu Kipusa, ujue wameitoa figo yake. Niombee niendelee nao, Kitinda, mpaka sote wawili tuwe vikongwe.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako Mkubwa.